Kuunganisha Mitambo ya Mbali kwa Itifaki ya Intaneti

Shughuli nyingi za viwanda hazifanyiki chini ya paa moja. Pampu ya maji huwa kando ya mto, tangi huwa juu ya kilima, na mtu anayeiongoza pampu hiyo huwa mjini. Bomba la mafuta litokalo Dar es Salaam hadi Ndola, nchini Zambia, lina urefu wa kilomita 1,710. Haiwezekani kumweka fundi penye kila valvu usiku na mchana. Kwa sababu hiyo hutumika vidhibiti vya mbali, yaani vifaa vya elektroniki vinavyowekwa penye mtambo ili vipime, viarifu, na kutekeleza amri zitokazo katika chumba cha uendeshaji.

Kidhibiti cha namna hiyo kina kazi tatu. Kwanza, hupokea vipimo kama vile kina cha maji, shinikizo au joto. Pili, huvitunza vipimo hivyo kwa namba katika sehemu za kumbukumbu ziitwazo rejista. Tatu, hupokea amri na kuzitekeleza: kuwasha pampu, kufunga valvu, kukata umeme. Makala haya yanaeleza jinsi vidhibiti hivyo vinavyounganishwa na kompyuta ya mjini kwa itifaki ya intaneti, na kwa nini kazi hiyo, ambayo kwa juujuu huonekana kuwa ni kubadili waya tu, hubadili pia ulinzi wa mtambo mzima.

Mazungumzo katika waya

Itifaki ni mapatano juu ya namna ya kuzungumza. Mojawapo ya itifaki zitumikazo sana viwandani ni Modbus, iliyotolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani. Utaratibu wake ni mwepesi. Kompyuta kuu huuliza, kidhibiti hujibu. Kidhibiti hakisemi mpaka kiulizwe. Kila kidhibiti kina namba yake, kuanzia 1 hadi 247. Swali la kusoma rejista lina baiti 8 tu: namba ya kidhibiti kinachoulizwa, namba ya kazi inayotakiwa, mahali pa kuanzia kusoma, idadi ya rejista, na mwishoni baiti 2 za uhakiki. Kazi namba 3 ni kusoma rejista. Namba 6 ni kuandika katika rejista. Namba 5 ni kuwasha au kuzima swichi moja.

Baiti za uhakiki hupatikana kwa kukokotoa baiti zote zilizotangulia. Mpokeaji naye hukokotoa. Hesabu zisipolingana, ujumbe hutupwa. Hivyo ndivyo unavyogunduliwa uharibifu uletwao na radi au na mota kubwa iliyo jirani. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, swali zima hupita katika waya kwa muda usiofika milisekunde 10. Mwisho wa ujumbe hauna alama yoyote. Hutambuliwa kwa kimya cha muda utoshao kupitisha herufi tatu na nusu, yaani kama milisekunde 4.

Kutoka waya hadi mtandao

Zamani kila kituo kilihitaji njia yake ya mawasiliano, ama waya wa simu ama redio, na gharama yake ilikuwa kubwa. Itifaki ya intaneti, ambayo maelezo yake yanayotumika hata leo yalitolewa mwaka 1981, hufanya kazi kwa namna nyingine. Ujumbe hukatwa katika vifurushi, na kila kifurushi hubeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Barua nyingi za watu mbalimbali husafiri katika gari moja la posta. Vivyo hivyo vifurushi vya mitambo mingi huweza kupita katika njia moja. Kituo kilicho porini huweza kutumia hata mtandao wa simu za mkononi.

Lakini kidhibiti cha zamani hakiijui intaneti. Hapana budi kuweka kati kifaa kiitwacho kigeuzi, chenye mdomo mmoja wa waya wa zamani na mwingine wa mtandao. Kigeuzi huweza kufanya kazi kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza hubeba baiti kama zilivyo, kana kwamba waya umerefushwa. Katika njia ya pili hutafsiri ujumbe na kuuweka katika umbo la Modbus ya mtandao, iliyotangazwa mwaka 1999. Hapo zile baiti 2 za uhakiki huondolewa, kwa kuwa mtandao una uhakiki wake, na mbele ya ujumbe huwekwa kichwa cha baiti 7. Ndani ya kichwa hicho mna namba ya swali, na jibu hurudi na namba ile ile.

Umuhimu wa namba hiyo huonekana tukiutazama muda. Setilaiti ya mawasiliano isiyobadili mahali pake angani iko kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka. Jumla ni kilomita 144,000, na kwa mwendo wa nuru safari hiyo huchukua karibu nusu sekunde. Kompyuta iliyozoea kungoja milisekunde 200 itatangaza kwamba kituo kimekufa, hali jibu liko njiani. Baya zaidi ni kwamba jibu lililochelewa huweza kupokewa kama jibu la swali linalofuata: kina cha jana cha maji kikasomwa kuwa shinikizo la leo. Tena, mtandao ukiukata ujumbe katika vifurushi viwili, pengo kati yao huweza kudhaniwa kuwa ni kile kimya cha mwisho wa ujumbe. Kwa hiyo njia ya kutafsiri ni bora, na muda wa kungoja sharti upangwe upya kulingana na njia iliyochaguliwa.

Kidhibiti humwamini kila asemaye

Yapo matatizo yasiyotatuliwa kwa kurefusha muda. Msomaji atazame tena zile baiti 8. Hamna mahali pa jina la mtoa amri wala pa neno la siri. Uhakiki wake hugundua kelele za umeme, lakini haugundui ulaghai; amri ya adui iliyokokotolewa vyema hupita sawasawa na amri ya mhandisi. Mwaka 1979 jambo hilo halikuwa kosa. Aliyetaka kuufikia waya ilimpasa kwanza apite mlinzi, lango na ukuta wa kiwanda. Waya wenyewe ulikuwa sehemu ya ulinzi. Tunapompa kidhibiti yule yule anwani ya intaneti, ukuta huo hauko tena, nacho huendelea kutii kama kilivyotii zamani.

Tarehe 23 Desemba 2015, nchini Ukraine, wavamizi walioingia katika kompyuta za kampuni tatu za kusambaza umeme walifungua swichi za vituo vya kupoza umeme kutoka mbali. Wateja wapatao 225,000 walikosa umeme kwa saa kadhaa, katika majira ya baridi. Kisha wavamizi wakaharibu programu ya ndani ya vigeuzi vilivyounganisha vidhibiti na mtandao, hata waendeshaji wasiweze kuvipelekea amri. Umeme ulirudi kwa sababu mafundi walikwenda vituoni na kufunga swichi kwa mikono yao.

Mambo ya kuzingatia

Funzo la tukio hilo si kwamba mitambo isiunganishwe. Mamlaka ya maji inayojua kwamba tangi limekauka kabla wananchi hawajalalamika imewatumikia vizuri. Lakini yafaa mambo manne yatimizwe. La kwanza, kidhibiti au kigeuzi kisipewe anwani inayofikika na kila mtu duniani. Kiwekwe katika mtandao wa faragha, na neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile kinapofungwa. La pili, mahali panapohitaji vipimo tu, amri zote za kuandika zikataliwe mlangoni. La tatu, vifaa vipya vichaguliwe miongoni mwa vile vinavyodai kitambulisho cha mtoa amri na kuuficha ujumbe kwa ufunguo wa siri. Modbus ya namna hiyo imekuwapo tangu mwaka 2018. La nne, kila kituo kiweze kuendelea salama mawasiliano yakikatika: pampu ijizime tangi linapojaa bila kungoja amri ya mjini, na swichi ya mkono ibaki mahali pake.

Hilo la nne ndilo linalosahauliwa upesi, kwa kuwa mtambo ukishaunganishwa huonekana kwamba fundi wa kituoni hahitajiki tena. Mafundi wa Ukraine walikuwa bado wanazijua swichi zao. Wakuu wa mashirika yetu wanapokokotoa faida za mtandao, waweke pia katika hesabu gharama ya kuwafundisha mafundi kazi ya mkono na ya kuwapa usafiri wa kufika kituoni usiku.