Usitupe Thamostati, Igeuze

Giaboksi ya oto inauliwanga na joto. Kilomita zinachangia, umri unachangia, lakini joto ndo inamaliza kazi. Unaeza pata Hilux imekimbia laki tatu na bado inabadilisha gia poa, alafu kando yake kuna dabo kebin ya juzi ishaanza kuteleza ju kila wiki inabebeshwa mawe za Ndarugo hadi Rongai. Zote ziko na oili, zote ziko na maji kwa rejeta, na ule mshale wa joto kwa dashibodi umetulia katikati. Noma ni kwamba huo mshale unasoma maji ya injini pekee. Kwa ndai nyingi oili ya gia haina mshale wake. Inaeza kuwa inapikika huko chini na wewe uko na raha zako, ngoma imeshika, dirisha wazi.

Hiyo joto inatoka wapi? Nyingi yake inatoka kwa torki konveta, ile bakuli ya chuma imekaa kati ya injini na giaboksi. Ndani kuna feni mbili zinaangaliana, moja inasukuma oili, ingine inasukumwa na hiyo oili. Feni moja ikizunguka mbio kuliko mwenzake, nguvu yenye inapotea hapo katikati yote inageuka joto. Ukishika spidi moja kwa Thika Road, kuna klachi ndani ya konveta inajifunga, feni zote zinazunguka pamoja na joto inashuka. Sasa panda Mai Mahiu ukienda Kimende, umebeba, uko nyuma ya trela inatambaa, na gia imebaki juu. Klachi inaachilia, feni zinaanza kukimbizana, oili inachemka. Na ata ka huko juu kuna kibaridi, hewa ya zaidi ya mita 2,000 ni nyepesi, inabeba joto kidogo kuliko hewa ya Mombasa.

Oili ya gia inapenda kukaa kati ya digrii 80 na 95. Mafundi wa Marekani wako na hesabu yao ya kitambo: ukipita 93, kila digrii 11 zenye unaongeza zinakata maisha ya oili nusu. Kwa 104 umebaki na nusu, kwa 115 umebaki na robo. Around hapo inaanza kuacha utando wa vanishi kwa valvu. Ikipita 125, sili za raba zinakuwa ngumu na kuanza kuvujisha. Ikikaribia 145, klachi zenyewe zinateleza, na saa hiyo haubongi na mtu wa oili tena, unabonga na mtu wa kuuza giaboksi ingine.

Ka ndai yako iko na dipstiki ya gia (nyingi za siku hizi hazina), icheki hivi. Acha injini iwake, chomoa, dondosha tone moja kwa tishu nyeupe. Oili fiti ni nyekundu, unaeza ona mwanga ndani yake, na inasambaa pole pole kwa tishu. Yenye imepikika ni kahawia, inakaa hapo katikati nzito, na kabla ata uifikishe kwa pua harufu ishakugonga, ile ya mkate umesahaulika kwa jiko. Ukiona vichembe vyeusi ndani, hizo ni klachi zako zinaisha.

Sasa twende Marekani, ju huko ndo mambo ya kuchezea thamostati ya gia imeshika sana. Hao ni watu wa oto tangu kitambo. General Motors walitoa giaboksi ya oto ya Hydra-Matic kwa Oldsmobile za modeli ya 1940. Chukua pikapu zao za Chevrolet Silverado na GMC Sierra kuanzia 2014, zenye zinatumia giaboksi ya gia sita, 6L80, na baadaye ya gia nane, 8L90. Mbele kuna rejeta ndogo ya kupoza oili ya gia. Lakini kwa hizo paipu za kwenda huko kuna valvu, na ndani ya valvu kuna thamostati. Kazi yake ni kuhakikisha oili haiendi kupozwa mpaka iwe moto vizuri.

Wenye waliiweka hawakuwa wajinga. Oili moto ni nyepesi, vyuma vinazunguka bila kuvutwa nyuma, na unaokoa mafuta kidogo. Hiyo kidogo ina maana kubwa kwa kampuni, ju tangu sheria ya 1975 serikali ya Marekani inapima wastani wa mafuta yenye gari zao mpya zinakunywa. Tena joto inakausha unyevu wenye unaingia kwa oili. Sawa. Lakini matokeo yake ni pikapu inashinda karibu na digrii 90 ata ikiwa tupu, na siku mwenyewe amefunga trela ya ng'ombe akapanda mlima, joto inaanza kupandia hapo hapo 90. Nafasi ya kupumua hakuna. Hiyo ndo inauma wasee wenye wanataka kukaa na gari miaka mingi, na mi niko upande wao.

Kwa hivyo wakafungua valvu wakacheki. Ndani walipata kitu kidogo, unakishika na vidole viwili, kimejazwa nta. Wanakiita kidonge. Nta ikipata joto inavimba, inasukuma pini, na njia ya rejeta inafunguka. Ikipoa, springi inarudisha kila kitu na oili inapitia njia ya mkato, inarudi kwa giaboksi bila kupozwa. Fundi anangoja ndai ipoe, anaweka beseni chini, anabonyeza kifuniko cha valvu, anatoa pete ya chuma yenye imekishikilia. Hapo lazima ushike kifuniko vizuri ju springi iko nyuma yake na inaeza ruka ikapotelea kwa nyasi. Kidonge kinatoka kimelowa oili. Anakigeuza, kichwa chini miguu juu, anarudisha vile vilikuwa. Sasa njia ya mkato imezibwa siku zote na oili inapita kwa rejeta kila saa. Spea haijanunuliwa ata moja, oili yenye imemwagika ni kidogo tu, anaijazilia. Wengi wenye wamefanya hivyo wanakwambia joto ilitoka 90 na kitu ikashuka mpaka 60 na kitu kwa barabara kuu.

Kwa Texas mwezi wa nane, hiyo nakubali mia kwa mia. Kwa msee yuko Minneapolis, Januari, nje kumeganda, siikubali. Oili inabaki nzito, gia zinagonga, unyevu hautoki. Wengine wanakigeuza tena kabla theluji ianze. Mi ningeweka ile valvu ingine yenye inafunguka mapema, karibu digrii 70: oili inapata moto wake asubuhi, alafu inapozwa kabla iumie. Na ka gari bado iko na waranti, uliza kwanza, ju kidonge kimegeuzwa kinaonekana wazi.

Silverado hutaiona sana Kanairo, usukani uko kushoto na Kenya haisajili gari za hivyo zikiwa si za kazi maalum. Lakini wazo lenyewe liko hapa kitambo, na huku limepinda vibaya. Enda Kirinyaga Road useme, "Fundi, hii gari inapandisha joto." Utajibiwa, "Kijana yangu, hiyo tunatoa thamostati tu. Hiyo ni ya nchi za baridi." Anatoa ile ya injini, anatupa, anafunga, unalipa, unaenda.

Hiyo inaniuma sana. Thamostati ya injini inafunguka kati ya digrii 80 na 90 na kitu, na kompyuta ya gari inangoja hiyo joto. Isipofika, inaendelea kumwaga petroli mingi ikidhani ni asubuhi bado. Injini inalika, taa ya injini inawaka, na skana inasoma P0128. Kuna mbaya zaidi. Kwa Toyota nyingi, thamostati iko na kisahani chini chenye kinaziba njia ya mkato ya maji injini ikiwa moto. Ukiitoa, hiyo njia inabaki wazi, maji mengine yanazunguka kwa injini bila kuona rejeta, na ndai yenye ulitaka kupoza inachemsha kwa mlima. Ka thamostati imekwama, weka mpya ya digrii zile zile za kiwanda. Si doh ya kukufanya ulale njaa.

Na ka shida yako ni gia, shughulikia gia. Anza na skana ndogo ya bluetooth ya kuchomeka chini ya usukani, yenye inasoma joto ya oili ya gia kwa simu. Si kila gari itakubali kukuonyesha, kwa hivyo jaribu kabla ulipe. Alafu panda mlima wako wa kawaida na mzigo wako wa kawaida, beshte yako akisoma namba. Ka inapita 105 kila safari, ongeza rejeta ya gia, ile ya sahani zimepangwa, mahali upepo unapiga. Oili itoke giaboksi, ipite rejeta kubwa ya injini kwanza, alafu hiyo ndogo umeongeza, ndo irudi. Oili mwaga kabla iwe kahawia, na uweke ile kitabu ya gari inasema, usikubali "hii pia ni sawa". Kwa mlima shika gia ya chini mwenyewe. Injini italia kidogo lakini pampu ya oili itazunguka mbio na konveta itapata nafasi ya kujifunga.

Ukishafanya hayo yote na namba bado inapanda 110 na ndai iko tupu kwa barabara tambarare, wachana na mambo ya thamostati. Hapo ama rejeta ya gia imeziba, ama klachi ya konveta haifungi tena. Tafuta fundi wa giaboksi mwenye ako na mashine ya kusoma ka hiyo klachi inafunga, na usibebe mawe mpaka akupe jibu.