LIGI YETU YAKUA: TIMU NGAPI ZATOSHA?

(Muziki wa kufungulia somo.)

Mlioko Iringa, kamwene. Mlioko Mbeya na Rungwe, mugonile. Mwalimu wa darasa, tafadhali tazama kama kila mtu ana daftari na kalamu, maana leo hatutasikiliza tu, tutafanya na hesabu.

Somo letu ni mpira wa miguu. Najua wako watakaosema, "Bwana, sisi tumekuja kujifunza kusoma na kuandika, mambo ya mpira waachieni vijana." Ngojeni kidogo. Katika mpira mna hesabu ya kuzidisha na kugawa, mna jiografia ya nchi yetu, na mna fedha, ambazo nyingine ni za kodi yenu. Basi si jambo la watoto.

Siku moja nilisafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya. Tulipofika Makambako basi likasimama, watu wakashuka kunywa chai. Mezani kwangu alikaa mzee mmoja wa Kihesa, na mbele yake mama mmoja auzaye viazi katika soko la Mwanjelwa. Yule mama alikuwa amejitanda kitambaa cha zambarau, rangi ya Mbeya City. Mzee akamtazama, akacheka.

"Mama," akasema, "ninyi mna bahati. Sisi Iringa ligi kuu twaisikia redioni tu. Laiti wangeiacha na timu 20, Lipuli yetu isingeshuka."

"Shikamoo mzee wangu," mama akajibu, "lakini sikubali. Timu 20 zilikuwa nyingi mno. Nauli ndiyo iliyowamaliza, siyo wingi wa walioshushwa."

Hapo meza zote zikaingia katika maneno. Dereva alipopiga honi bado walikuwa wakibishana, na ubishi ule tukaupakia ndani ya basi mpaka Igawa. Mimi nilinyamaza nikasikiliza. Nikaona kwamba watu wote walikuwa na maoni mazuri, ila hapana hata mmoja aliyekuwa na hesabu. Leo tuitafute hesabu hiyo.

Kwanza tujue ligi yetu ilikotoka. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, timu ambayo mwaka 1971 ilibadili jina ikawa Simba. Kwa miaka kumi ya mwanzo kikombe hakikutoka Dar es Salaam. Mwaka 1975 kikaenda Morogoro kwa timu ya Mseto. Na mwaka 1986, wazee wa Rungwe wanakumbuka vema, kikapanda milima mpaka Tukuyu. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wenye mvua, ndizi na chai, ikawa bingwa wa nchi nzima. Coastal Union ya Tanga ikafuata mwaka 1988, na Mtibwa Sugar ya Turiani ikachukua mara mbili, 1999 na 2000. Tangu mwaka 2001 ubingwa umekuwa wa Simba na Yanga, isipokuwa mara moja tu, mwaka 2014, ulipochukuliwa na Azam. Na Azam ilimaliza kazi hiyo hapa hapa Mbeya, katika uwanja wa Sokoine, ilipoifunga Mbeya City mabao 2 kwa 1 mwezi wa Aprili.

Sasa shikeni kalamu.

Katika ligi kila timu hucheza na kila timu nyingine mara mbili: mara moja nyumbani, mara moja ugenini. Msimu wa 2013/14 ligi kuu ilikuwa na timu 14. Timu moja haichezi na nafsi yake, kwa hiyo ina wapinzani 13. Mara mbili 13 ni 26. Basi kila timu ilicheza michezo 26. Mkitaka kujua michezo yote ya ligi, zidisheni 14 kwa 13. Mtapata 182.

Kisha ligi ikakua. Ilipofika msimu wa 2017/18 ilikuwa na timu 16. Kila timu michezo 30, na jumla yote 240. Mwisho wa msimu ule timu 2 zikashuka, Majimaji ya Songea na Njombe Mji, nazo timu 6 zikapanda. Andikeni: 16, toa 2, ongeza 6. Jibu ni 20. Kwa timu 20 kila moja hucheza michezo 38, na ligi nzima michezo 380.

Tazameni hapo, maana ndipo penye siri. Timu zimeongezeka 4 tu, kutoka 16 hadi 20, lakini michezo imeongezeka 140. Mtu asiyefanya hesabu hudhani kwamba kuongeza timu chache ni kama kuongeza wageni wanne mezani. Sivyo. Kila mgeni mpya hana budi kumtembelea kila mwenyeji, na kila mwenyeji kumtembelea yeye.

Na kutembelea ni safari. Kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam ni kilometa 830 hivi. Kutoka Iringa ni kama kilometa 500. Kutoka Mbeya kwenda Bukoba, kwenye uwanja wa Kaitaba, ni zaidi ya kilometa 1,000, na timu huenda kwa basi, wachezaji wakiwa wamekunja magoti. Katika ligi ya timu 16 kila timu hutoka mara 15. Katika ligi ya timu 20 hutoka mara 19. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba safari moja, pamoja na chakula na malazi, yagharimu shilingi 3,000,000. Mara 15 ni shilingi 45,000,000. Mara 19 ni shilingi 57,000,000. Tofauti ni shilingi 12,000,000. Timu yenye tajiri nyuma yake haitaona kitu. Timu inayotegemea viingilio vya wauza viazi na mafundi baiskeli itaona sana. Kwa hiyo yule mama wa Mwanjelwa hakusema upuuzi.

Lakini mzee wa Kihesa naye alikuwa na haki yake. Tumsikilize.

Lipuli ilirudi ligi kuu msimu wa 2017/18, ikapanda pamoja na Njombe Mji na Singida United. Watu wa Iringa walijaa uwanja wa Samora. Mwaka 2019 Lipuli ikaifunga Yanga mabao 2 kwa 0 pale Samora katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ikaenda kucheza fainali Lindi, ikafungwa na Azam bao 1 tu. Timu ya mji wetu bao moja kutoka kwenye kombe! Mwaka uliofuata ikashuka.

Kwa nini? Wakubwa wa mpira waliona kwamba timu 20 ni nyingi, wakaamua kuzipunguza. Kupunguza maana yake ni kuupanua mlango wa kutokea na kuufinya mlango wa kuingilia. Mwisho wa msimu wa 2018/19 zilishuka timu 2. Mwisho wa msimu wa 2019/20 zilishuka timu 5: Lipuli, Ndanda, Alliance na Singida United, na Mbao ikawa ya tano baada ya michezo ya mchujo. Zilizopanda ni 3. Andikeni: 20, toa 5, ongeza 3. Jibu ni 18. Mwaka uliofuata zikatoka 4, zikaingia 2, zikabaki 16.

Kwa hiyo mzee alisema kweli: Lipuli iliponzwa na mwaka. Timu iliyo dhaifu katika mwaka wa kupunguza hupata shida kuliko timu iliyo dhaifu vile vile katika mwaka wa kuongeza. Lakini hilo haliondoi neno la mama. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana ubishi haukwisha mpaka Igawa.

Nchi nyingine nazo zimepitia njia hiyo. Uingereza, ambako ligi ilianza mwaka 1888 kwa timu 12, iliongeza timu na kuongeza tena, lakini mwaka 1995 ligi kuu yao ilipunguzwa kutoka timu 22 hadi 20. Tusidhani basi kwamba kupunguza ni dalili ya kushindwa.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya jambo ambalo hapana mtu aliyelitaja pale Makambako, nami naliona kubwa kuliko idadi. Timu ni ya nani?

Mbeya City ilianzishwa mwaka 2011 na Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Maana yake fedha zilizoiendesha zilitoka katika mfuko ule ule unaonunua madawati na kuzoa takataka. Msimu wake wa kwanza katika ligi kuu, 2013/14, ilimaliza ya tatu, juu ya Simba. Jiji zima lilivaa zambarau. Hata hivyo mtu aweza kuuliza kama ni haki ushuru wa soko ulipie mabasi ya wachezaji. Mimi sioni kosa, mradi diwani aulizwe na hesabu zisomwe mbele ya watu. Mwaka 2023 timu ile ilishuka, ikachukuliwa nafasi na Mashujaa ya Kigoma katika mchujo, kisha ikarudi ligi kuu msimu wa 2025/26. Ilipokuwa chini haikuhama. Ilibaki Mbeya, na watu wake wakabaki nayo.

Tanzania Prisons nayo ipo Mbeya, lakini mwenyewe ni Jeshi la Magereza. Hiyo ina mshahara, haitegemei sana mlangoni.

Sasa tazameni Ubaruku, wilaya ya Mbarali, penye mashamba ya mpunga. Huko ilitoka timu ya Ihefu. Ilipanda mwaka 2020, ikashuka, ikapanda tena. Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates, Ihefu iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1. Yanga ilikuwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Michezo arobaini na tisa! Na waliokata mnyororo ule ni watu wa mpunga. Mkulima wa Mbarali siku ile alitembea kifua mbele kama waziri.

Kisha ikawaje? Katika msimu wa 2023/24 timu ikahamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Mwenye mali alikuwa na haki ya mali yake, sheria ikafuatwa. Lakini wale waliolipa kiingilio juani, wakaimba mpaka sauti zikawakauka, hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba nao walikuwa na fungu. Shangilio si hati.

Jambo la mwisho ni fedha za televisheni. Mwaka 2021 Azam Media ilitia sahihi na shirikisho la mpira mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Gawanyeni kwa 10: wastani wake ni bilioni 22.56 kwa mwaka. Si zote ziingiazo mifukoni mwa timu, lakini hata sehemu yake ni msaada mkubwa. Na mkungu mmoja wa ndizi ukigawiwa watu 16, kila mmoja hupata nyingi kuliko ukigawiwa 20. Hapo watu wa timu zilizo ndani hupenda ligi ndogo, na watu wa timu zilizo nje hupenda ligi kubwa. Siwalaumu. Mkiniuliza mimi, nitasema 16 zatosha kwa barabara na mifuko yetu ya sasa, ingawa kila nipitapo Iringa nikaona Samora pamelala Jumamosi, moyo hunisuta.

Sasa zoezi. Mwalimu, andika ubaoni.

La kwanza: ligi ina timu 18. Kila timu itacheza michezo mingapi? Ligi nzima michezo mingapi?

La pili: safari moja ni shilingi 3,000,000. Timu ya ligi hiyo itatumia kiasi gani kwa safari zote za ugenini?

La tatu ni la kuzungumza. Darasa ligawanyike makundi mawili, moja liwe la mzee wa Kihesa, jingine la mama wa Mwanjelwa. Kila kundi liandike sentensi tano za kutetea upande wake, na katika kila sentensi iwemo tarakimu moja. Asiyeweza kuandika sentensi nzima aandike tarakimu, mwenzake amalizie maneno.

Majibu ya zoezi la kwanza na la pili tutayasoma mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.

(Muziki.)