Maradhi Yampatayo Mtoto Wodini, na Kwa Nini Yahesabiwe

Mzazi aambiwapo kuwa mwanawe ana saratani, fikira zake zote huelekea kwenye uvimbe au damu iliyougua, na kwenye dawa za kuiondoa. Ni nadra kuambiwa siku hiyo kuwa yupo adui wa pili, naye hukaa mumo humo hospitalini: bakteria na kuvu wanaomwingia mtoto wakati wa kutibiwa. Wapo watoto ambao saratani yao ilikuwa imeanza kurudi nyuma, kisha wakachukuliwa na homa ya siku mbili. Wiki hii twaeleza namna maambukizi hayo yanavyofuatiliwa, na kwa nini yaipasa kila familia yenye mtoto wodini kulijua jambo hili.

Dawa za saratani huua seli zinazozaliana upesi. Seli za saratani ni za namna hiyo, lakini ndivyo ulivyo pia uboho wa mifupa utengenezao chembe nyeupe za damu, na ndivyo ulivyo utando laini wa kinywa na utumbo. Chembe nyeupe ziitwazo nutrofili zikishuka chini ya 500 katika maikrolita moja ya damu, kipimo kilicho kidogo kuliko tone, mtoto huwa kama nyumba isiyo na mlango. Aidha, watoto wengi hutiwa mrija katika mshipa mkubwa, ukabakia humo kwa wiki au miezi. Mrija huo humwepusha mtoto na kudungwa sindano kila siku, lakini ni njia iliyonyooka kutoka nje hadi ndani ya damu.

Wodi itajuaje kuwa maambukizi yameanzia kwake? Kanuni itumikayo sana ni ya saa 48. Maambukizi yakijitokeza baada ya muda huo tangu mtoto alazwe, nayo hayakuwa yakichipuka alipoingia, huhesabiwa kuwa ya hospitali. Kisha hutazamwa idadi ya siku ambazo watoto wamekaa na mirija. Watoto 10 wenye mirija kwa siku 30 hufanya siku 300 za mrija. Zikitimia siku 1,000 na damu za watoto 4 zimepata maambukizi, kiwango ni 4 kwa kila 1,000. Kwa hesabu hiyo, mwezi wenye wagonjwa wachache waweza kulinganishwa kwa haki na mwezi wenye wagonjwa tele.

Kuhesabu huku si jambo geni. Mnamo mwaka 1847 mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alilinganisha wodi mbili za wazazi katika hospitali moja. Katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao, waliokuwa wakitoka kupasua maiti, kina mama walikufa kwa wingi kuliko katika wodi ya wakunga. Alipoamrisha mikono ioshwe kwa maji yenye klorini, vifo vilishuka kutoka takriban 18 kwa kila wazazi 100 mwezi Aprili hadi takriban 2 mwezi Juni. Lau vifo vya wodi zile visingeandikwa, asingeliiona tofauti hiyo.

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1985 ulionyesha kuwa hospitali zenye mpango madhubuti wa kufuatilia na kudhibiti maambukizi ziliyapunguza kwa takriban asilimia 32. Mwaka 2006 zilitoka habari za jimbo la Michigan, ambako zaidi ya wodi 100 za wagonjwa mahututi zilishika mambo matano: kuosha mikono, kumfunika mgonjwa kikamilifu wakati wa kutia mrija, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa kinena, na kuuondoa mrija usiohitajika tena. Maambukizi ya damu yalipungua kwa hadi asilimia 66. Wodi hizo hazikuwa za watoto wenye saratani, lakini hatari ya mrija ni ile ile.

Kwa mtoto mwenye saratani lipo jambo la ziada. Utando wa utumbo ukichubuliwa na dawa, bakteria wa tumboni mwake mwenyewe waweza kupenya hadi kwenye damu. Ndiyo sababu mwaka 2013 kituo cha taifa cha kudhibiti maradhi cha Marekani kiliyatenga maambukizi ya aina hiyo katika fungu lake. Asipolaumiwa muuguzi kwa kilichotoka utumboni, na usiposingiziwa utumbo kwa kilichotoka kwenye mrija, ndipo dawa ya kila kimoja hupatikana.

Basi na tusidanganyike na wodi isemayo haina maambukizi hata moja. Pengine ni kweli. Pengine damu ya mtoto mwenye homa haipelekwi maabara kuoteshwa, na kisichotafutwa hakionekani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hesabu hizi zikitumiwa kumwadhibu muuguzi aliyeachiwa wodi nzima usiku peke yake, zitafichwa. Zikitumiwa kudai sabuni, maji ya bomba na wauguzi wa kutosha, zitaandikwa kwa uaminifu.

Wazazi wenzetu, sehemu yenu katika kazi hii ni kubwa. Mtoto aliye katika dawa hizi akifikia joto la nyuzi 38.3, au la 38 lililodumu saa moja, hiyo ni dharura, iwe nyumbani au wodini. Msimpe dawa ya kushusha homa mkangojea asubuhi, kwani joto litashuka na maradhi yaendelee. Mpelekeni hima, makusudio ni apate antibiotiki ndani ya saa moja ya kufika. Kila anayemgusa aoshe mikono, na penye kuhara atumie sabuni na maji, kwani dawa ya mikono yenye alkoholi haiui mbegu za baadhi ya bakteria waletao kuhara. Muulizeni muuguzi kwa adabu kila siku: mrija huu wahitajika bado?

Na sisi jamaa tunaokwenda kuzuru tujihisabu. Kumjulia hali mgonjwa ni ada yetu njema, lakini shangazi, ami na majirani kumi kuzunguka kitanda cha mtoto asiye na kinga si kumsaidia. Waingie mmoja mmoja, mwenye mafua abaki nyumbani apige simu, na hata asumini zisipelekwe, kwani maua mabichi na maji yake hubeba bakteria na kuvu.

Shirika la Afya Duniani laeleza kuwa katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Lengo lililowekwa mwaka 2018 ni angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Kuchelewa kugundua maradhi ni sababu moja ya pengo hilo, na maambukizi ni nyingine. Twawaomba walio katika kamati za hospitali zetu za Pwani waulize katika kikao kijacho: ni watoto wangapi wa saratani waliopata maambukizi wodini mwezi uliopita, na ni nani aliyewahesabu?