Mchungaji, Naomba Umwonye Mke Wangu

Baba ameketi ukingoni mwa kiti, kofia mkononi. Mama kando yake ameinamia sakafu, na mtoto wa miezi minne amelala kifuani pake. Haendi tena ibadani, haombi, asubuhi haamki, mboga zinaungulia jikoni. Mume amekuja na jibu mfukoni: imani ya mwenzake imepoa, na kilichobaki ni mtumishi kumwonya. (Kisa hiki nimekisuka kutokana na vingi, nikabadilisha kila kinachoweza kumtambulisha mtu.)

Nianze na neno lake hilo. Kwa matumizi ya leo, mtu akionywa, majirani wanajua amekosa. Mzazi humwonya mtoto aliyechelewa kurudi, na kwenye kuta za vichochoro onyo huandikwa kwa rangi nyekundu pamoja na faini yake. Lakini ukoo wa neno ni mwingine. Kama ponya ilivyotoka kwenye pona, ndivyo onya ilivyotoka kwenye ona: kumfanya mtu aone. Ndugu yake, onyesha, bado anaikumbuka maana hiyo; onya ameisahau akabaki na ukali.

Si sarufi ya kupitisha wakati. Watafsiri wa Biblia yetu walilitumia neno hilo kwa kitenzi cha Kiyunani noutheteo, ambacho ndani yake mna akili na kitendo cha kuweka: kumwekea mtu jambo akilini. Juu ya kitenzi hicho ilijengwa shule nzima ya ushauri wa Kibiblia. Mwaka 1970 mchungaji wa Kipresbiteri wa Marekani, Jay Adams, alichapisha kitabu kiitwacho Competent to Counsel. Hoja yake ilitoka Warumi 15:14, pale Paulo anapowaambia waumini wa kawaida kwamba wanaweza kuonyana. Adams aliona wachungaji wamewakabidhi kondoo wao kwa wanasaikolojia, wakabaki na mazishi na harusi. Ugonjwa wa mwili, alisema, ni wa daktari. Lakini mengi yanayoitwa maradhi ya akili ni mazao ya namna mtu anavyoishi mbele za Mungu, na hayo yanahitaji Neno, toba na mazoea mapya. Njia hiyo aliiita ya kinouthetiki.

Cha kuchekesha kidogo ni kwamba sehemu ya mawazo hayo ilipikwa karibu na mwanasaikolojia asiyehubiri Injili. Kiangazi cha 1965 Adams alifanya kazi na O. Hobart Mowrer katika hospitali za wagonjwa wa akili za jimbo la Illinois. Mowrer aliamini kwamba watu wengi walilemewa na hatia ya kweli waliyoificha, na kwamba kuikiri kuliwasaidia. Adams aliichukua picha hiyo, akaikosoa kwa kukosa msalaba, akaenda nayo mbali.

Wapo Wakristo wasiokubaliana naye. Kina Gary Collins na Larry Crabb walitafuta namna ya kuketisha saikolojia na Maandiko meza moja. Hata ndani ya nyumba ya Adams kizazi kilichofuata kilimrekebisha. David Powlison, aliyefariki 2019, alisisitiza kwamba anayeketi mbele ya mshauri ni mkosaji na pia ni mteswa. Ukimwona kwa jicho moja tu, umemwona nusu. Mimi niko upande wa Powlison, ingawa kwa jambo moja namtetea Adams. Wengi wetu huku tunashauri kwa mtindo tunaodhani ni wake bila nidhamu yake. Yeye alitaka mshauri akusanye habari kwanza, aulize, aandike, kwa sababu Mithali 18:13 inamwita mpumbavu anayejibu kabla ya kusikia. Sisi mama hajamaliza sentensi ya tatu, Biblia imeshafunguliwa.

Rudi kwa Paulo mwenyewe. Katika 1 Wathesalonike 5:14 anataja watu wa aina tatu, na kila mmoja anampa kitenzi chake. Wa kwanza ni wasiofuata utaratibu, neno lililotumika pia kwa askari walioacha mstari. Hao ndio wa kuonywa. Wa pili kwa Kiyunani ni watu wenye nafsi ndogo, waliovunjika moyo. Hao ni wa kutiwa moyo. Wa tatu ni wanyonge, wa kushikwa wasianguke. Uvumilivu ndio unaogawiwa wote. Kazi ya kwanza ya mshauri, basi, ni kujua ni nani ameketi pale. Ukimwonya aliyevunjika moyo, unamwongezea mzigo uliomvunja. Ukimbembeleza anayempiga mkewe, umemsaidia kuendelea.

Kwa mama huyu, maswali yangu ya mwanzo hayakuhusu maombi. Analala saa ngapi? Mtoto akilala, naye usingizi unakuja? Anakula? Mara ya mwisho kufurahia kitu ilikuwa lini? Kisha, mume akiwa ametoka nje na mama mchungaji ameketi nasi: je, kuna wakati unawaza kwamba heri usingekuwapo, au unamwazia mtoto mabaya? Swali hili linawatisha wachungaji wengi, wanadhani litapanda wazo. Halipandi. Mwenye wazo hilo mara nyingi hupumua, kwa sababu hatimaye kuna aliyethubutu kulitaja. Akijibu ndiyo, haachwi peke yake, na safari ya hospitali haingoji Jumatatu.

Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa unaojulikana na una tiba. Kumpeleka kliniki si kusalimu amri kwa dunia. Eliya, baada ya ushindi wa Karmeli, alijilaza chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Alipofika Horebu ndipo Mungu alipomuuliza anafanya nini pale, akamsikiliza, akamuuliza tena vilevile. Marafiki wa Ayubu nao walikuwa washauri wazuri kwa siku saba, walipokaa kimya chini pamoja naye. Waliharibu walipofungua vinywa.

Dawa ni mahali ninapokuwa mkali. Mtumishi anayemwambia mwenye kifafa, mwenye sonona au anayeishi na VVU atupe vidonge ili kuonyesha imani ametoka nje ya wito wake. Paulo alisafiri na Luka tabibu, na alipoandika kuhusu tumbo la Timotheo alimshauri kitu cha kutumia. Tunaomba, na vidonge vinamezwa kwa saa yake.

Kisha kuna kazi ya nyumbani, ambayo Adams aliipenda tangu kikao cha kwanza, na nadhani hapo alikuwa sahihi kabisa. "Ukaombe zaidi" si kazi ya nyumbani. Ni mzigo usio na mpini. Mama huyu alipewa Zaburi ya 88 aisome mara moja kwa siku, basi. Niliichagua kwa sababu inaishia gizani bila kugeuka shangwe, na bado ni sala. Alishangaa kwamba maneno kama hayo yameruhusiwa kuingia katika Biblia.

Kwenye ndoa yenye kipigo utaratibu hubadilika. Wanandoa hawasikilizwi pamoja kwanza, kwa kuwa anayepigwa atasema yale tu yatakayomfikisha nyumbani salama. Na msamaha si amri ya kurudi kwenye ngumi. Daudi alikwepa mkuki wa Sauli ukakita ukutani, akakimbia usiku uleule. Baadaye alikataa kumuua Sauli, lakini hakurudi kukaa karibu na mkuki. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Sheria hiyohiyo inataka, isipokuwa katika mazingira machache, mgogoro ufike kwenye baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufunguliwa mahakamani, na inaruhusu jumuiya za dini kuwa na mabaraza hayo. Kwa hiyo wazee wa kanisa wanaoketi humo wameshika kazi yenye uzito wa kisheria, na wengi wao hawajafundishwa hata kuuliza swali lisilojibu lenyewe.

Usiri wetu nao unavuja kwa njia ya kiroho. Hakuna anayesengenya, tunaomba tu "tumkumbuke dada fulani, anapita katika hali ngumu ya ndoa". Kufikia Jumatano kwaya nzima imeshamkumbuka. Anayekuja aambiwe mapema nini hakitatoka chumbani na nini lazima kitoke. Mtoto anayedhulumiwa hafichwi kwa jina la siri ya kichungaji: Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa.

Yule mama alianza matibabu. Alipokuja mara ya tatu alikuwa amelala saa nne mfululizo, akasema hivyo kama mtu anayetaja mshahara. Siku hiyo nilimwita mume peke yake. Sikumfungulia Waefeso. Nathani alipotumwa kwa Daudi alikwenda na hadithi ya mwanakondoo, akamwacha mfalme ahukumu mwenyewe. Mimi hadithi sikuwa nayo, nilikuwa na swali.

"Baba, usiku mtoto akilia, nani anaamka?"

Alicheka. "Mama yake, mchungaji."

"Na mara ya pili?"

"Mama yake."

"Na mara ya tatu?"

Hakujibu. Aligeuza kofia mikononi, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo, kisha akauliza kama mtoto wa miezi minne anaweza kunyamazishwa na mwanamume.