Mizani ya Dhamiri: Fikra za Kikatoliki na Sulhu Iliyoanzia Mwanza

Mwezi wa Aprili 1996, wajumbe wa vyama viwili vikubwa vya Burundi, FRODEBU na UPRONA, walikutana katika mji wa Mwanza mbele ya Mwalimu Julius Nyerere, ili watafute njia ya kuiokoa nchi yao iliyokuwa katika maangamizi tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993. Walirudi tena mwezi wa Juni, mji ukiwa bado katika matanga ya mamia ya watu waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei. Mazungumzo hayo hayakuzaa mapatano, na kabla ya Julai kwisha Meja Pierre Buyoya alikuwa ameitwaa serikali kwa nguvu za jeshi. Walakini mtu mwenye kutaka kujua jinsi fikra za Kikatoliki zinavyoingia katika mambo ya nchi na nchi, hana haja ya kuanzia Roma. Aanzie hapa ziwani.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa mwaka 1943 katika misheni ya Nyegina karibu na Musoma, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Na upande wa magharibi wa ziwa, katika nchi ya Bukoba, ndiko alikotoka Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kufanywa kardinali, mwaka 1960. Ni rahisi kudhani kwamba, kwa malezi hayo, siasa yetu ya nje ilikuwa ikiamriwa na maaskofu. Haikuwa hivyo hata kidogo, maana serikali ile haikuwa na dini, na Mwalimu aliulinda msingi huo kwa ukali. Mafundisho yaliingia kwa mlango mwingine: yalimpa mtu wa serikali mizani ya kupimia matendo yake kabla hajayatenda.

Mizani ya kale kuliko zote ni ile ya vita vya haki. Asili yake ni kwa Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, ambaye jina lake limepewa chuo kikuu kilichoko Malimbe, nje kidogo ya Mwanza. Na katika karne ya 13 Toma wa Akwino akayapanga masharti yake kuwa matatu, yaani vita vitangazwe na mwenye mamlaka halali, viwe na sababu ya haki, na wanaopigana wawe na nia iliyo safi. Wanazuoni waliomfuata wakaongeza mengine, mathalan kwamba njia zote za amani ziwe zimekwisha kujaribiwa, na kwamba pawepo uwezo wa kufaulu, kwani kumwaga damu ya vijana katika jambo lisilowezekana ni dhuluma juu ya dhuluma. Sasa msomaji aikumbuke Novemba 1978, Idi Amin alipotangaza kwamba ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera imekuwa mali ya Uganda, na Mwalimu akawahutubia wananchi kuwa sababu ya kumpiga ipo, uwezo upo, na nia ipo. Hotuba ile aghalabu hukumbukwa kuwa wito wa vita tu. Mimi naisikia pia kuwa ni hoja ya mtu ambaye masharti hayo yalikwisha kuwa sehemu ya akili yake, hata akayataja bila ya kuyataja. Lakini mizani ile ile haimwachi mshindi astarehe: inauliza kama nia ya kujikinga ilibaki vile vile majeshi yetu yalipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, ilhali mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Naamini kwamba dhuluma aliyowafanyia Amin raia zake iliipa safari ile uhalali wa pili. Ila wanaolihoji jambo hili wanastahili kujibiwa kwa hoja.

Kuhusu Biafra, iliyojitenga na Nigeria na ambayo Tanzania iliitambua tarehe 13 Aprili 1968 kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika, walikuwako waliosema kwamba Mwalimu aliwapendelea Waigbo kwa kuwa wengi wao ni Wakatoliki. Hoja aliyoitoa yeye ilikuwa kwamba dola huwekwa kwa ajili ya watu, na dola isiyoweza kuwapa watu usalama wa maisha yao haina haki ya kuwalazimisha kuitii. Hoja hiyo ina udugu na mafundisho ya Kanisa juu ya manufaa ya wote, lakini Mwislamu au asiye na dini aweza kuikubali bila ya kubadili imani yake.

Burundi ilikuwa mtihani mgumu zaidi, kwa sababu waliouana walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale, na tarehe 9 Septemba 1996 Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega akauawa njiani. Kuwa Wakatoliki hakukuwazuia watu kuchinjana. Kilichohitajika ni fikra. Katika waraka wa Pacem in Terris wa tarehe 11 Aprili 1963, Papa Yohane XXIII alifundisha kwamba amani husimama juu ya ukweli, haki, mapendo na uhuru. Mazungumzo yalipofunguliwa upya Arusha mwezi wa Juni 1998, yaligawanywa katika kamati tano, na ya kwanza ilipewa kazi ya kuchunguza asili ya mgogoro, pamoja na mauaji na ubaguzi uliotangulia. Ukweli ulitangulizwa kabla ya kugawana madaraka, na kwa hilo Arusha ilikuwa na hekima ambayo mapatano mengi ya haraka hayana.

Kamati ya tatu, ya amani na usalama, iliongozwa na padre Matteo Zuppi wa jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968, ambayo ilikwisha kuwapatanisha Wamsumbiji katika mapatano ya tarehe 4 Oktoba 1992. Ni jumuiya hiyo iliyoikutanisha kwa siri serikali ya Buyoya na waasi wa CNDD, ambao hawakuwako mezani Mwanza, hata wakaafikiana tarehe 10 Machi 1997 juu ya mambo watakayojadili. Jumuiya hiyo haina jeshi wala hazina ya kuwatisha watu. Uwezo wake ni subira, na staha ya kumsikiliza hata aliyeua.

Jambo moja bado linanisumbua. Baada ya mapinduzi, viongozi wa nchi jirani, Mwalimu akiwa msuluhishi wao, waliiwekea Burundi vikwazo vya biashara tarehe 31 Julai 1996, navyo havikuondolewa mpaka Januari 1999. Kanisa linafundisha kwamba asiye na hatia asifanywe silaha ya kumpigia mwenye hatia; na katika nchi maskini isiyo na bahari, mkulima huumia kabla ya afisa wa jeshi. Vikwazo vilisaidia kumleta Buyoya mezani, hilo nalikubali, lakini sioni kwamba gharama yake ilipimwa kwa uangalifu uliotumika katika suala la vita, na wanaofundisha mambo ya amani katika vyuo vyetu wangelifanyia haki somo hili kama wangelichunguza bila ya kumwonea haya Mwalimu.

Yeye alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela alishika usuluhishi baada yake, mapatano yakatiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Na kundi la Palipehutu-FNL, lililokuwa limeyakataa, likaja kutia sahihi yake ya kuacha vita mjini Dar es Salaam mwezi wa Septemba 2006.