Kinyesi cha Mbwa Nyumbani: Tohara Huanza kwa Chepe

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Mtume (S.A.W.) ameruhusu kufuga mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wa Kishafi wakafanya kiasi (qiyas) juu yao mbwa wa kulinda nyumba. Swali linalokuja ni hili: mbwa huyo amechafua ua, na watoto wanapita hapo kwenda msikitini. Tufanyeje?

Wengi hukimbilia mpira wa maji. Hilo ni kosa. Maji kidogo yakikutana na najisi hunajisika. Najisi iliyokuwa mahali pamoja huenea ua mzima, na pengine ikafika kwa jirani au kisimani. Utaratibu sahihi ni huu:

Kwanza, kuondoa dhati ya najisi. Kizoe kinyesi kwa chepe lililotengwa kwa kazi hiyo. Ukitumia karatasi, chunga isiwe na jina la Mwenyezi Mungu au aya.

Pili, mahali pa kukitupa. Kifukiwe katika shimo refu au kitiwe katika choo cha shimo, mbali na kisima, si chini ya mita 30, na mbali na bustani ya mboga. Kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo ambayo huishi udongoni kwa miezi mingi, na watoto huyameza kwa mikono michafu. Mayai ya tegu mmoja wa mbwa humletea mtu uvimbe wenye maji katika ini na mapafu, maradhi yanayojulikana sana Turkana, nchini Kenya. Basi mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Anayetupa uchafu huu njiani au kwa jirani anadhuru watu, na Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru, akahesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni katika matawi ya imani.

Tatu, kuosha. Kwa Mashafi hii ni najisi nzito (mughalladha). Sakafu ya saruji, kiatu au nguo huoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo twahara. Asili yake ni hadithi ya Abu Huraira (R.A.) juu ya chombo kilicholambwa na mbwa. Maosho ya kuondoa dhati ya najisi, hata yakiwa matatu, huhesabiwa moja. Sabuni ni nzuri kwa afya, lakini haisimami mahali pa udongo katika kauli yenye nguvu zaidi. Ama ardhi ya udongo, humiminiwa maji mara saba bila kuongezwa udongo, kwani hakuna maana ya kutia udongo juu ya udongo.

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ametaja katika Majmuu kauli kwamba kisichokuwa mate ya mbwa huoshwa mara moja kama najisi nyingine, akaiona ina nguvu kwa upande wa dalili. Lakini iliyo mashuhuri katika madhehebu ni saba. Mahanafi wao hawashurutishi saba wala udongo. Basi tusigombane misikitini kwa jambo walilokhitalifiana maimamu.

Nne, kuacha wasiwasi. Kikavu kikigusa kikavu hakinajisi. Mtoto aliyekanyaga kinyesi kikavu kwa kiatu kikavu, na hakuna kilichoganda, hana la kuosha. Na njia usiyo na yakini kuwa imenajisika, asili yake ni twahara. Asizuiwe mtoto kwenda msikitini kwa shaka tu.

Mwenye mbwa, basi, aanze na chepe, kisha maji. Akifanya hivyo amehifadhi sala yake, afya ya wanawe na haki ya jirani yake.

Wallahu aalam.