Waliokosa nafasi ya udaktari wa meno watafute kwanza chanzo

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, vijana waliosoma mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia huelekeza macho Upanga, jijini Dar es Salaam, kilipo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Miongoni mwao wamo wanaoomba Shahada ya Udaktari wa Meno, masomo ya miaka mitano yanayofuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Nafasi ni chache, na wengi huambulia patupu.

Baada ya kukosa, baadhi yao huanza kukusanya barua za utambulisho, vyeti vya kujitolea na ahadi za watu wenye vyeo. Juhudi hizo zina mahali pake katika nchi kama Marekani, ambako vyuo vya meno humpima mwombaji kwa mtihani maalumu, barua za wanaomfahamu na usaili wa ana kwa ana. Kwa Tanzania, kinachopimwa ni matokeo ya mitihani. Hivyo, anayetaka kuomba tena hana budi kujua kwanza alikwama wapi, kama vile daktari wa meno anavyolitafuta jino linalouma kabla ya kushika koleo.

Chanzo cha kwanza ni kutofikia sifa za chini. Miongozo ya udahili ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ya miaka ya karibuni imemtaka mwombaji awe na ufaulu wa angalau D katika kila somo kati ya Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani jumla ya pointi 6. Katika hesabu hiyo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye A ya Kemia, A ya Biolojia na E ya Fizikia ana pointi 11, lakini bado hana sifa.

Chanzo cha pili ndicho kinachowachanganya wengi. Kuwa na sifa za chini si kuwa na nafasi. Waombaji hupangwa kwa ushindani, na mwenye pointi 6 yupo foleni moja na mwenye 12 au 15. Aliyekosa kwa sababu hiyo akiomba tena kwa matokeo yale yale, anasubiri tu bahati ya mwaka wenye ushindani hafifu.

Dawa ya vyanzo hivyo viwili ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA hufanyika miezi mingi kabla ya mtihani wa Mei, hivyo anayetumia nusu ya mwaka kulalamika huenda akakuta dirisha limefungwa. Aidha, kabla ya kulipa ada ni vyema akiulize chuo anachokilenga jinsi kinavyohesabu matokeo ya mikao miwili, ili ajue kama arudie somo moja au yote matatu.

Kwa mkazi wa katikati ya jiji, kujisomea nadharia si tatizo kubwa. Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifungua Desemba 1967, haiko mbali na Kariakoo. Penye ugumu ni mtihani wa vitendo, ambao upo katika masomo yote matatu. Mtahiniwa asiyegusa vifaa vya maabara kwa mwaka mzima hupoteza alama ambazo daftari haliwezi kumrudishia. Kwa hiyo, kituo cha kufanyia mtihani kichaguliwe kwa kutazama maabara yake, si ukaribu wake na nyumbani pekee.

Chanzo cha tatu hakihusiani na akili ya mwombaji hata kidogo. Tangu mwaka 2017, ulipokoma utaratibu wa kuomba kupitia mfumo mmoja wa TCU, waombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa kila chuo kwa njia ya mtandao. Vijana wengi wasio na kompyuta nyumbani huingia katika maduka ya steshenari, kama yale yaliyotapakaa Kariakoo na Mnazi Mmoja, na kumwachia mhudumu kazi yote.

Hapo ndipo makosa huzaliwa. Tarakimu moja ya namba ya mtihani ikikosewa, matokeo ya mwombaji hayaonekani. Jina likiwa tofauti kati ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, maswali hufuata. Hatari zaidi ni mhudumu kuandika namba yake ya simu au anwani yake ya barua pepe. Mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa kutumia namba maalumu anayotumiwa. Ujumbe huo ukiingia katika simu ya mtu mwingine na muda ukapita, nafasi inaweza kupotea bila mwenyewe kujua kwamba alikuwa ameipata. Mwombaji anashauriwa kutumia simu na barua pepe yake mwenyewe, kutunza neno lake la siri na kuondoka na nakala ya fomu iliyojazwa.

Kwa wale ambao matokeo yao ya kidato cha sita yako mbali na ushindani, ipo njia ndefu lakini ya uhakika zaidi. Stashahada ya Tiba ya Kinywa na Meno huchukua miaka mitatu katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, na humpa mhitimu kazi mkononi. Mhitimu mwenye wastani wa B au GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada, mradi awe na ufaulu unaotakiwa wa masomo ya kidato cha nne. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, stashahada hiyo imo pia katika fani ambazo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hutoa mikopo.

Suala la mkopo ndilo linalofanya kusubiri kuwe na gharama. Miongozo ya HESLB ya miaka ya karibuni imewataka waombaji wawe wamehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya kipindi cha miaka mitano. Mtoto wa mfanyabiashara ndogondogo wa Mtaa wa Msimbazi anayeomba kwa matokeo yale yale mwaka baada ya mwaka anaweza kuja kupata nafasi wakati muda wa kuomba mkopo umekwisha.

Wapo pia wanaoshawishiwa na mawakala kwenda kusoma nje ya nchi. Kabla ya kulipa chochote, mzazi aulize TCU kama chuo husika kinatambuliwa, na afuatilie cheti cha kutokuwa na pingamizi ambacho Tume hiyo hutoa kwa wanaokwenda kusoma nje. Shahada isiyotambuliwa haimwezeshi mhitimu kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na bila usajili huo hawezi kutibu meno ya mtu yeyote kihalali.

Mwongozo wa udahili wa TCU hutolewa upya kila mwaka na husomwa bila malipo katika tovuti ya Tume. Viwango hubadilika, hivyo anayejiandaa kuomba tena asome toleo la mwaka husika, si lile alilotumia alipokosa.